Kutafuta Tiba ya ADHD Ukubwani Inapoandamana na Maradhi Mengine

Ni nadra mtu mzima mwenye ADHD, yaani hali ya kukosa umakini na utulivu tangu utotoni, kufika hospitali kwa sababu ya ADHD yenyewe. Hufika kwa sababu hapati usingizi, presha imepanda, analia wiki nzima bila kujua analilia nini, ameachishwa kazi ya tatu, au pombe imeanza kumshinda. Hutibiwa kile alichokuja nacho, hupata nafuu kiasi, kisha hurudi pale pale alipokuwa. Mimi nilitibiwa sonona kwa miaka mitatu kabla ya mtu yeyote kuniuliza nilikuwaje nilipokuwa darasa la tatu. Dawa nilizopewa hazikuwa mbaya na sonona yenyewe ilikuwapo kweli. Kilichokosekana ni mtu wa kukaa nami na kupanga kipi kilitangulia na kipi kilifuata. Mwongozo huu unahusu upangaji huo, kwa sababu ndani yake ndimo inamopatikana tiba inayomfaa mtu mwenye zaidi ya tatizo moja.

ADHD ni hali ya ukuaji wa ubongo inayoanza utotoni, ambapo umakini hautulii kwenye jambo lisilovutia, mikono au mawazo hayakai mahali pamoja, na maamuzi hufanywa kwa pupa. Kwa vigezo vya madaktari wa akili wa Marekani vya mwaka 2013, ambavyo hufuatwa katika nchi nyingi, dalili kadhaa sharti ziwe zilionekana kabla ya umri wa miaka 12, ziwe zimedumu kwa miezi 6 au zaidi, na ziwe zinajitokeza katika mazingira zaidi ya moja, si kazini peke yake wala nyumbani peke yake. Mtu mzima anatakiwa awe na dalili zisizopungua 5 za kundi moja (la kukosa umakini, au la kutotulia na pupa), ilhali mtoto hutakiwa kuwa na 6. Katika masharti yote hayo, la umri ndilo linalomsaidia zaidi mgonjwa mwenye maradhi mengine: usahaulifu ulioanza ukiwa na miaka 34, baada ya kufiwa au baada ya kuanza dawa fulani, una chanzo kingine, na chanzo hicho kitafutwe kwanza.

Andika historia kabla ya kumwona daktari

Chukua daftari, uchore safu mbili. Katika safu ya kwanza andika mwaka au darasa ulilokuwa. Katika ya pili andika tukio lenyewe kwa sentensi moja isiyo na pambo. Usiandike “nilikuwa msahaulifu”, andika ulichokifanya. Ukurasa wangu ulianza hivi: “1996, darasa la tatu: napoteza penseli kila siku, mama anaifunga kwa uzi na kunivisha shingoni.” Chini yake: “2004, kidato cha nne: najua majibu, nasahau kugeuza ukurasa wa mwisho wa mtihani.” Kisha: “2013: baba anafariki, usingizi unapotea.” Kisha: “2016: presha, 150 kwa 95.” Daktari alipoupitia ukurasa ule kwa kidole, aliona kwamba penseli ile ya uzi ilikuwa imeutangulia msiba kwa miaka 17, na mazungumzo yetu yakabadilika hapo hapo.

Kumbukumbu yako mwenyewe haitoshi, hasa ukiwa na sonona, kwa kuwa sonona humfanya mtu aone maisha yake yote kuwa yalikuwa ya kushindwa. Tafuta shahidi. Ripoti za shule zikiwapo, hata moja, zina thamani kubwa, kwa sababu mwalimu aliyeandika “ana uwezo lakini hatulii” hakuwa akijaribu kuthibitisha ugonjwa wowote. Mzazi akiwa hai, mwombe akusimulie, nawe unyamaze uandike. Mama yangu, ambaye hakuwa amewahi kusikia herufi hizo nne, alimwambia daktari maneno haya: “Huyu nikimtuma chumvi anarudi na habari za mtaa mzima, chumvi hana.” Asipokuwapo mzazi, shangazi, kaka mkubwa au rafiki mliyesoma naye shule ya msingi anafaa.

Lipo pia dodoso la Shirika la Afya Duniani kwa ajili ya watu wazima, lenye maswali 18, ambamo maswali 6 ya mwanzo hutumika kuchuja. Lijaze, ulichukue, lakini usilichukulie kama hukumu. Mtu mwenye wasiwasi mkali, au aliyelala kwa muda wa saa tatu tu kila usiku kwa mwezi mzima, anaweza kupata alama za juu bila kuwa na ADHD hata kidogo.

Mambo ya kuondolewa njiani

Kabla ya kukubali jina lolote la ugonjwa, omba vipimo vya kawaida ambavyo hospitali nyingi za wilaya zinavimudu au zinaweza kuvituma kwingine: wingi wa damu, sukari, na ikiwezekana homoni za tezi ya shingo. Upungufu wa damu, ambao kwa wanawake wenye hedhi nzito hukaa miaka bila kugunduliwa, huleta uchovu na akili nzito. Tezi inayofanya kazi kupita kiasi huleta mapigo ya haraka, kutotulia na kukosa usingizi, na inayofanya kazi chini ya kiwango humfanya mtu awe mzito wa kufikiri. Anayekoroma kwa nguvu, akakatika pumzi usingizini na kusinzia mchana, achunguzwe usingizi wake. Aliyewahi kuanguka na pikipiki akapoteza fahamu alitaje hilo hata kama ni miaka mingi iliyopita, kwani jeraha la kichwa huacha nyuma usahaulifu na hasira za haraka.

Halafu orodhesha dawa zote, kwa majina yaliyo kwenye paketi. Hapa ndipo wengi tunapokosea, kwa kudhani daktari wa akili anahitaji kujua dawa za akili tu. Fenobabitali, ambayo bado inatolewa sana kwa wenye kifafa katika hospitali zetu, inaweza kupunguza umakini na kumfanya mtu azubae. Amitriptilini inayotolewa kwa ajili ya maumivu au usingizi huacha uzito asubuhi. Diazepamu huathiri kumbukumbu. Hata piritoni ya mafua hulaza. Kwa wanaotumia dawa za kupunguza makali ya VVU, efavirenzi inajulikana kwa kuleta ndoto kali na kuvuruga umakini, na dolutegraviri huweza kuwakosesha wengine usingizi. Hakuna hata moja kati ya hizo unayopaswa kuiacha kwa uamuzi wako. Unapeleka orodha ili daktari aamue kama kuna ya kubadilishwa, au muda wa kuimeza tu ndio wa kusogezwa.

Yaingize pia mambo yanayoonewa aibu: pombe, bangi, sigara, vinywaji vya kuongeza nguvu, dawa za mitishamba na mirungi. Mirungi, ambayo Wakenya huiita miraa, ina katinoni, kemikali iliyo karibu sana na amfetamini, na si ajabu mtu mwenye ADHD akagundua mwenyewe kwamba akitafuna ndipo anapoweza kukaa na kumaliza kazi. Tanzania inaikataza mirungi kisheria, na ndiyo maana wengi huificha. Lakini daktari anaulizia ili asije akakuandikia kichangamshi (baadhi ya dawa za ADHD ni za kundi hilo) juu ya kichangamshi moyo ukalemewa, na unayomweleza kliniki ni siri ya matibabu.

Pa kwenda na namna ya kusema

Tanzania, njia ya kawaida huanzia kituo cha afya au hospitali ya wilaya, kisha rufaa hadi hospitali ya rufaa ya mkoa, na kutoka hapo kwenye vitengo vikubwa vya afya ya akili kama vya Muhimbili jijini Dar es Salaam, Mirembe jijini Dodoma, au hospitali za kanda za Bugando (Mwanza) na KCMC (Moshi). Kenya kuna Mathari jijini Nairobi na hospitali ya rufaa ya Moi mjini Eldoret. Uganda kuna Butabika jijini Kampala. Ukitumia bima, hakikisha karatasi ya rufaa iko mkononi, usije ukafika ukaambiwa urudi. Siyo kila daktari amezoea ADHD ya watu wazima. Katika kliniki moja ya binafsi niliambiwa, kwa kicheko cha upole, kwamba huo ni ugonjwa wa watoto. Ukikutana na jibu hilo huna haja ya kubishana. Shukuru, chukua nakala ya vipimo vyako, omba rufaa kwa daktari bingwa wa magonjwa ya akili.

Foleni ni ndefu na dakika zako ni chache, kwa hiyo sentensi ya kwanza ina uzito. Ukianza na “nina ADHD, naomba dawa”, utaonekana umekuja na jibu tayari, na dawa zenyewe ni za kudhibitiwa. Ni afadhali useme: “Dokta, tangu utotoni nina shida ya kusahau na kutomaliza mambo, tangu 2013 nina sonona, sasa nina presha pia. Naomba unisaidie kuona kipi kinaleta kipi.” Kisha umkabidhi daftari.

Kipi kitangulie kutibiwa

Kanuni ambayo madaktari wengi huifuata ni kwamba kinachoweza kuua au kuharibu haraka hushughulikiwa kwanza, hata kama ADHD ndiyo iliyoanza. Mawazo ya kujiua, kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, kipindi cha wazimu wa furaha iliyopitiliza na ulevi uliokithiri haviwezi kusubiri. Mwenye mawazo ya kujiua asingoje tarehe ya kliniki. Aende idara ya dharura siku hiyo hiyo, na asiende peke yake. Anayekunywa pombe nyingi kila siku asiiache ghafla nyumbani kwa nia ya kujiandaa kwa dawa mpya, kwa kuwa kuacha ghafla kunaweza kuleta degedege. Aache chini ya uangalizi.

Ugonjwa wa baipola unastahili kuzungumziwa kwa kirefu, kwani ndio unaochanganywa na ADHD mara nyingi na ndio ambao kosa lake lina gharama kubwa. Yote mawili humfanya mtu aongee sana, aruke kutoka wazo hadi wazo, atumie fedha kwa pupa. Tofauti iko kwenye kalenda. Pupa ya ADHD iko kila siku, mwaka baada ya mwaka, kama tabia. Ya baipola huja kwa vipindi, mtu akawa na siku nyingi mfululizo za kulala kidogo sana bila kuchoka, akijiona ana uwezo usio wa kawaida, na watu wa nyumbani wakasema “huyu si yeye”. Ukiwa umewahi kupitia kipindi cha namna hiyo, au ndugu wa damu amepitia, mweleze daktari kabla hajaandika chochote. Dawa ya kuchangamsha ikitolewa peke yake inaweza kuamsha kipindi hicho. Utafiti uliofanyika Sweden na kuchapishwa 2017 ulionyesha kwamba hatari ya kipindi hicho kuzuka ilipanda kwa wagonjwa wa baipola waliotumia methilifenideti, dawa ya ADHD ya kuchangamsha, bila dawa ya kuweka hisia sawa, na haikupanda kwa waliokuwa na dawa hiyo. Ndiyo maana daktari makini atatuliza hisia kwanza, kwa litiamu au nyingineyo, angoje, ndipo aigeukie ADHD. Dawa za sonona nazo, zikitolewa peke yake kwa mwenye baipola, zina hatari ya jinsi hiyo.

Kwa sonona na wasiwasi wa kiasi, hesabu ni tofauti. Mtu aliyekaa miaka 20 akiitwa mzembe, akilipa faini za kuchelewa na kuvunja ahadi asizotaka kuzivunja, ana sababu za kutosha za kuwa na huzuni na hofu. Hapo daktari anaweza kuanza na ADHD, na sehemu ya huzuni ikapungua yenyewe. Lakini sonona ikiwa nzito kiasi kwamba mtu haogi wala hali, hiyo hutangulia, kwa sababu hakuna umakini wa kupima kwa mtu asiyeinuka kitandani.

Presha na moyo huangaliwa kabla ya kidonge cha kwanza. Dawa za kuchangamsha, na pia atomoksetini, dawa ya ADHD isiyo ya kundi hilo, hupandisha presha na mapigo ya moyo. Taja kama katika familia kuna aliyefariki ghafla akiwa kijana, kama umewahi kuzimia ukifanya kazi ngumu, na kama una presha ya macho. Kwangu, daktari alikataa kuanza chochote hadi amlodipini ishushe presha, na nilisubiri miezi miwili. Nilikasirika, nakiri, lakini alikuwa sahihi.

Mwenye kifafa kilichotulia hazuiwi moja kwa moja kutibiwa ADHD, ila bupropioni, ambayo baadhi ya madaktari huitumia kwa sonona na ADHD kwa pamoja, haimfai kwa sababu hurahisisha kupata degedege. Mjamzito, anayenyonyesha au anayepanga kushika mimba aseme mapema, kwani mpango mzima unaweza kubadilika.

Dawa zenyewe na jinsi zinavyogongana

Methilifenideti ndiyo inayofahamika zaidi, na si dawa mpya: ilitengenezwa Uswisi 1944 na mkemia Leandro Panizzon, na jina la kibiashara la Ritalin limetokana na Rita, mke wake. Iko katika jedwali la pili la mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971 kuhusu dawa zinazoathiri akili, hivyo usitegemee kuikuta katika duka la dawa muhimu la mtaani, wala usiinunue kwa mtu. Ulizia famasi ya hospitali iliyokuandikia, na ulizie kabla hujaishiwa. Aina ya muda mfupi hufanya kazi takriban saa nne; zipo za muda mrefu, ambazo hazisagwi wala kutafunwa. Kwa mwenye historia ya kutegemea vilevi, aina ya muda mrefu au dawa isiyochangamsha huwa na hatari ndogo zaidi ya kutumiwa vibaya.

Atomoksetini haileti utegemezi, lakini inahitaji subira ya wiki kadhaa kabla ya kuonyesha matunda, na wengi huitupa wiki ya pili wakidhani haifanyi kazi. Ina mgongano mmoja ambao kila mgonjwa wa sonona anapaswa kuujua: fluoksetini na paroksetini, ambazo ni dawa za sonona, huzuia kimeng'enya cha ini kinachoivunja atomoksetini, nayo ikabaki mwilini kwa wingi kuliko ilivyokusudiwa. Fluoksetini hukaa mwilini kwa wiki kadhaa hata baada ya kuachwa, kwa hiyo kuiacha jana hakukusaidii leo. Mimi nilikuwa kwenye fluoksetini. Daktari alinihamishia sertralini, dawa nyingine ya sonona, ambayo haina nguvu hiyo kwa kiwango kile, akangoja, ndipo akaanza atomoksetini kwa dozi ya chini. Huo ulikuwa mpango wangu kwa mwili wangu. Wako utatoka kwa daktari wako.

Sharti moja la kulishikilia hata daktari akiwa na haraka ni kubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Dawa mbili zikianza wiki moja, ukapata mapigo ya haraka, hakuna atakayejua ni ipi. Andika katika daftari tarehe ya kuanza, dozi, usingizi, hamu ya kula, na presha. Miongozo ya Uingereza ya 2018 inataka presha na mapigo vipimwe kabla na baada ya kila badiliko la dozi, kisha kila miezi 6, jambo ambalo zahanati yoyote yenye kipimo inaweza kukufanyia.

Vidonge havikufundishi kupanga siku. Mwanasaikolojia anayetumia tiba ya kubadilisha fikra na mwenendo hukufundisha kugawa kazi vipande na kuweka vikumbusho, na wasiwasi wenyewe hutibika kwa njia hiyo hiyo. Asipopatikana karibu, muuguzi wa afya ya akili au ofisa ustawi wa jamii wa hospitali anaweza kukuanzishia. Anayekwenda pia kwenye maombi au kisomo aendelee, mradi asiambiwe aache dawa na asinywe mitishamba bila daktari kujua.

Anayesafiri kwenda Ghuba, kwa kazi au kuwaona ndugu, ashughulikie kibali mapema. Falme za Kiarabu hutaka idhini ya serikali yao kabla ya kuingia na dawa zinazodhibitiwa, na cheti cha daktari peke yake hakitoshi. Kwa nchi nyingine yoyote, uliza ubalozi wake kabla ya kukata tiketi.

Unaporudi kliniki

Nafuu ipimwe kwa mambo mliyoyataja mwanzoni. Mimi ni karani wa mahesabu katika ushirika wa akiba na mikopo, na lengo tuliloliandika lilikuwa kufunga mahesabu ya mwezi kabla ya tarehe 5 bila kukesha. Mwezi wa kwanza nilifunga tarehe 11, wa pili tarehe 9, wa nne tarehe 4. Takwimu hizo zilimsaidia daktari kuliko ningesema “najisikia vizuri”. Umakini ukipanda lakini huzuni ikabaki vile vile, sema. Ina maana sonona yako inasimama kwa miguu yake na inahitaji tiba yake. Ukianza kulala kwa muda wa saa tatu tu na kujiona huna mpinzani, rudi kabla ya tarehe yako.

Kliniki ya mwezi wa sita ndipo daktari alipofungua tena ule ukurasa wa penseli na uzi, akachora mstari chini ya 2013, akasema sasa tunaweza kuanza kupunguza sertralini, robo kwa robo, na kwamba amlodipini inabaki kama ilivyo. Presha siku hiyo ilisoma 128 kwa 82.